Klorini kwa Ajili ya Wageni

Nimechoka kuulizwa nnafanya kazi gani. Harusini, kwenye khitma, kwenye foleni ya hospitali, mtu akisikia mtambo wa maji taka hukunja pua, kisha hujitia kucheka. "Na kusoma kote kule!" Basi siku hizi nnasema nipo maabara tu, na mtu akidhani ni maabara ya hospitali, shauri yake.

Kazi yangu ni kupima maji ya vyooni. Nimeifanya zaidi ya miaka ishirini, na nimebakisha miwili nistaafu. Kila asubuhi nnatoka Amerat, huku Omani, nnapanda kilima na kuteremka upande wa pili pamoja na nusu ya wafanyakazi wa Maskati, gari kwa gari, na nikifika mtamboni mgongo umeshaniuma kabla sijavaa koti jeupe. Mtambo wetu ni mdogo, uko nyuma ya majumba mapya ya upande wa Mabela. Maji mengine huja kwa mabomba, mengine huletwa na magari ya tangi kutoka kwenye nyumba ambazo bado zina mashimo. Yanaingia meusi yananuka, yanatoka meupe, na yakitoka yanamwagiwa maua ya barabarani. Yale maua mnayoyapiga picha mkipita, mengine yamekunywa vyoo vyenu.

Watu hudhani tunayasafisha kwa dawa. Ah, wapi! Yanasafishwa na bakteria. Mkojo ukikaa hugeuka ammonia, ile harufu inayochoma pua kwenye choo kisichoangaliwa, na ammonia ikiachiwa iende na maji ni balaa, huua samaki na huichezea klorini tunayotia mwisho hata isifanye kazi yake. Basi wapo bakteria wanaoila. Kundi la kwanza huigeuza nitriti, kundi la pili huichukua nitriti likaifanya nitrati, na wote hao wanataka hewa tele, ndiyo maana kuna mashine za upepo zinazovuma kutwa mpaka masikio yanaziba. Kisha maji huingia hodhi jengine lisilo na upepo. Humo wamo bakteria wa namna nyengine, ambao wakikosa hewa huinyang'anya nitrati ile hewa yake, na kinachobaki ni naitrojeni tupu, inapanda kwa vipovu vidogo vidogo na kurudi angani ilikotoka. Mimi hupenda kusimama pale nikaviangalia vile vipovu. Ndiyo starehe yangu ya kazini.

Hao wala ammonia ndio wenye nongwa. Bakteria wengine huzaana kwa dakika, lakini hawa mmoja kuwa wawili anaweza kukuweka siku nzima. Hewa ikipungua wanasusa. Maji yakiwa na tindikali wanasusa. Na klorini ikiwafika hawasusi, wanakufa, na ukitaka wengine ungoje.

Aliyekuwa akiwaangalia ni fundi mmoja wa Kikenya, wa zamu ya mchana, mtu mrefu, mkimya, wa kanisani, aliyeletwa na kampuni moja inayotupa mafundi kwa mkataba. Kwao ni wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, na yeye hakuweza kabisa kuwaita bakteria. Kila asubuhi akija dirishani kwangu kuuliza ammonia imesomaje, salamu yake ilikuwa moja: "Madam, ng'ombe wamekula?" Nami nikimjibu, "Wamekula, wamelamba na sahani." Siku nyengine nilikuwa sitaki kusema na mtu, lakini hilo nililijibu kila siku kwa miaka saba.

Alikuwa na tabia yake moja. Daftari la zamu lina mistari ya saa zote, na fundi huandika pale palipotokea jambo. Wenziwe mistari mitupu wakiiacha tu. Yeye jioni, kabla hajaondoka, akichukua rula na kuikata kwa wino, mmoja mmoja. Nilimuuliza siku moja kwa nini anajitesa. Akaniambia kazini alikokuwa kabla ya kuja huku, mtu aliongeza maneno chini ya maneno yake, yakamletea shida. "Tangu hapo, madam, siachi nafasi wazi." Kila Alkhamis daftari likija mezani kwangu nami nikitia sahihi chini ya kila ukurasa bila ya kusoma. Macho yenyewe yalikuwa yamechoka.

Basi msimu mmoja wa joto, si zamani, tukaambiwa wageni wanakuja, wakubwa kutoka wizarani, Al Khuwair, pamoja na wapiga picha. Mudiri wetu, mkuu wa mtambo, ni kijana wa Kizanzibari kama sisi, bibi yake na bibi yangu walikuwa majirani Unguja. Akanijia wiki moja kabla. "Dada yangu, harufu," alisema. "Nnaona haya watu waje hapa wazibe pua." Nikamwambia mtambo wa vyoo lazima unuke kidogo. "Kidogo sawa. Lakini wewe unajua mambo ya wageni. Nnakuachia wewe."

Mngeliijua nyumba niliyolelewa, yaliyofuata yasingewashangaza. Kwetu mgeni akitarajiwa mama haketi. Mapazia yanafuliwa, mazulia yanapigwa uani, na jambo la mwisho, kabla udi haujatiwa chetezoni, kila tundu la maji linamwagiwa kloroksi: choo, bafu, sinki ya jikoni, mpaka mfereji wa nje ambao hapana mgeni atakayeuona. Tangu nilipokuwa na miaka minane kazi hiyo ilikuwa yangu. Harufu ya klorini ikichanganyika na ya udi, mimi mpaka leo moyo wangu husema Idi imefika.

Asubuhi ya wageni nilikwenda na vyetezo viwili, bukhuri aliyoipika mama mwenyewe, halua na birika la kahawa. Nikauzunguka uwanja pamoja na wasafishaji. Kwenye machujio, pale maji machafu yanapoingilia, lo! Mfereji wa sakafuni ulikuwa umefanya utelezi mweusi, unanuka khasa. Tunayo klorini kali ya madumu, ya kutia kwenye maji ya mwisho kabla hayajakwenda bustanini. Nikawaambia waje na dumu moja wasugue. Wakasugua, bado. Leteni jengine. Bado. Saa zinakwenda, mimi nimeshapandisha mori, nikasema leteni, mwageni, mifereji yote, msione uchungu! Mwisho madumu sita matupu yalipangwa ukutani, na uwanja mzima ukanukia kama bafu la mama siku ya Idi. Nikafurahi. Siwezi kusema uongo, nilifurahi na nafsi yangu.

Sasa, mifereji ile yote hurudi kichwani mwa mtambo, na kutoka hapo maji yake huingia moja kwa moja kwenye hodhi la upepo, kwa wale wala ammonia. Nilikuwa nnajua. Ramani yake iko ukutani juu ya meza yangu na mimi ndiye niliyeibandika. Mtu mwengine angelimwaga dumu moja tu pale ningelimsuta mbele za watu. Lakini asubuhi ile sikuwa mtu wa maabara, nilikuwa mtoto wa mama yangu nnangojea wageni. Sina udhuru mwengine wa kutoa.

Wageni wakaja, wakafukizwa, wakanywa kahawa, wakasifu. Walipofika kwenye hodhi la upepo mashine zikawa zinavuma na mkubwa mmoja hasikii anachoambiwa. Mudiri akamwashiria Mkenya kwa mkono: zima. Akazima. Wakazungumza, wakapigwa picha, yapata saa moja hivi, kisha zikawashwa. Na yule Mkenya, kwa vile ndivyo alivyo, akaandika daftarini kuwa mashine zilizimwa, tangu saa fulani mpaka saa fulani. Aliyemwamuru hakumtaja.

Kesho yake ilikuwa Alkhamis, siku ya mwisho ya kazi kwa wiki, nikatia sahihi zangu nikenda zangu nyumbani.

Jumapili nilipopima ammonia, kichupa kilikuwa kijani. Maji yakiwa mazuri kichupa hubaki manjano, na kadri ammonia inavyozidi ndivyo kinavyozidi ukijani. Nikapima tena. Nikabadilisha dawa ya kupimia, labda imeharibika. Mara ya tatu kikawa kijani vile vile, na hapo picha ya madumu sita ikanijia yenyewe bila ya kuitwa. Mkenya alikuwa dirishani. "Madam, ng'ombe wamekula?"

"Hawajala," nilimjibu. "Nnahisi wamekufa."

Alivua kofia akakuna kichwa, akaivaa tena, akenda kwenye hodhi.

Wiki tatu zilizofuata sitaki hata kuzikumbuka. Maji hayakuweza kwenda bustanini, simu zikawa hazikatiki, na maua ya barabarani yakaanza kulala. Tukaomba tope lililo hai kutoka mtambo mwengine, likaja kwa magari ya tangi, ile ndiyo mbegu. Mkenya aliipokea kila gari kwa mkono wake. Wala ammonia wakifanya kazi maji huwa makali kwao wenyewe, kwa hiyo lazima yatiwe magadi ya kuyapoza, na yeye ndiye aliyekuwa akiyapima kwa kopo la plastiki na kuyatia kidogo kidogo, asubuhi, adhuhuri na alasiri, juani, joto la kuchemsha yai. Siku zake za mapumziko alikuja. Akaacha kwenda kanisani Ijumaa mbili, maana huku ibada yao huwa Ijumaa. Mimi nnapima, kijani. Nnapima, kijani. Macho yake yakawa mekundu, na mimi nilikuwa namwangalia hivyo hivyo kila siku na mdomo nimeufumba.

Kwa nini nilinyamaza? Nimejiuliza mpaka nimejichoka. Siku ya kwanza nilisema nitahakikisha kwanza. Siku ya pili mudiri hakuwepo. Siku ya tatu nilikuwa nimeshachelewa siku tatu, na kuchelewa ndiko kulikonitia haya zaidi kuliko klorini yenyewe. Tena nilichoka, wallahi, ule uchovu wa mtu anayetaka tu jambo limpitie mbali. Nikajisemea bakteria watarudi, mambo yatasahauliwa, hapana atakayeumia.

Wiki ya pili mudiri akaniita. Al Khuwair walitaka ripoti, na ripoti inataka sababu. Alikuwa amelifungua daftari la zamu mbele yake, kidole chake kiko juu ya mwandiko wa Mkenya. "Sababu si hii? Kazima mashine saa nzima." Nikamwambia saa moja bila ya upepo haiwaui, huwachosha tu. "Basi kipi kimewaua?" Nikamwangalia. Alikuwa ameshasahau kuwa aliyeashiria kuzima ni yeye, au alijitia kusahau, sijui. Nikasema, "Sababu bado haijajulikana."

Hayo ndiyo niliyoyasema, mimi, kwa kinywa changu.

"Mkataba wake unakwisha mwezi huu," alisema mudiri. "Kampuni inaniuliza kama tunamtaka tena. Ripoti ikenda hivi, hawatamrejesha." Nilijua maana yake. Ana watoto watatu shuleni, mkubwa anakaribia mtihani wa mwisho, na kila alichokuwa nacho kilitegemea mkataba ule. Nikatoka chumbani nikafunga mlango polepole, kana kwamba ndani kuna mgonjwa.

Ijumaa, baada ya chakula, mama aliniona nimekaa sebuleni, mkono shavuni. Mama yangu ana miaka themanini na kitu, miguu haimchukui tena lakini ulimi uko vile vile. "Nani kafa?" akauliza. Nikamwambia bakteria. "Kina nani hao?" Basi nikamhadithia yote, madumu, mashine, ripoti, mkataba wa mtoto wa watu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Na we unangojea nini?"

Nikapandwa na hasira. Nikamwambia si wewe uliyenifundisha? Tangu mdogo, kila tundu, kloroksi, kila mgeni kloroksi! Nilimpigia kelele mama yangu, astaghfirullah, mtu asiyeweza hata kwenda chooni bila ya kushikwa mkono.

Aliutengeneza mtandio wake. "Kumwaga nimekufundisha mimi," alisema. "Kunyamaza nani kakufundisha?"

Nilikwenda jikoni nikalia, nikaosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Jumapili nilipofika nilipima kwanza, kwa mazoea tu. Kichupa kilibaki manjano. Kimepauka kidogo, lakini manjano. Wamerudi! Nilikimbia nacho mpaka kwenye hodhi, mtu mzima mimi, koti linapepea. Mkenya alikuwa amekaa juu ya gunia la magadi. Nikakiinua kichupa. "Ng'ombe wamekula!" Akasimama, akakitazama kwa jua, akacheka, kicheko ambacho sikukisikia wiki zote zile. "Asante Mungu," alisema. Kisha akatoa karatasi mfukoni akanionyesha. Kampuni ilikuwa imempa siku kumi na nne aondoke. Ripoti ilikwenda Alkhamis.

Sikungoja. Nilikwenda kwa mudiri bila ya kubisha mlango, nikasema yote nikiwa nimesimama: mimi, madumu sita, mfereji wa machujioni, saa tatu asubuhi. Alinivutia kiti. "Dada yangu, kaa kwanza." Sikukaa. "Umebakisha miaka miwili. Ripoti imeshakwenda, imeshasomwa. Yeye atapata kazi nyengine, mafundi wanatakiwa kila mahali." Nikamwambia nitaandika mwenyewe. "Andika," alisema, na uso wake ulikuwa umechoka kama wangu. Nikaandika, kurasa mbili, Kiarabu safi, nikazipeleka Al Khuwair kwa mkono wangu, nikagongewa muhuri wa kupokelewa.

Baada ya siku tisa jibu likaja. Lilinishukuru kwa uaminifu wangu. Likatukumbusha wafanyakazi wote kuwa klorini isimwagwe kwenye mifereji ya ndani. Mshahara wangu haukuguswa, cheo changu hakikuguswa, hata onyo sikupewa. Juu ya fundi halikusema neno. Nikapiga simu kampuni, wakaniambia nafasi yake imeshajazwa.

Siku yake ya mwisho alinionyesha kipimo cha magadi, kopo lile la plastiki, amelichora mstari kwa kalamu mpaka pa kujaza. "Huyu mgeni atakayekuja, mwambie asiwape haraka," alisema. "Wakizoea watakula vizuri." Hapo ndipo nilipomwambia. Nilikuwa nimeshaiambia dunia nzima, yeye nilikuwa sijamwambia. Nilisema klorini ilikuwa yangu, na nilijua tangu siku ya kwanza ya kile kichupa cha kijani, na nikanyamaza.

"Najua, madam. Niliona wakibeba madumu."

"Uliona? Na hukusema?"

"Wewe ni mkubwa wangu, na umenijibu salamu miaka saba. Nilidhani utasema mwenyewe." Aliniwekea kopo mkononi. "Nilikuachia nafasi."

Sikuelewa nafasi gani. Nilidhani ni maneno tu ya kuagana. Nikampa halua na bukhuri ya kumpelekea mkewe, akashukuru kwa heshima zake zote, akapanda gari la kampuni.

Wiki iliyofuata, Alkhamis, daftari likaja mezani, na kwa mara ya kwanza nikaona uzito kutia sahihi bila ya kusoma. Nikarudi nyuma mpaka siku ya wageni. Mwandiko wake ule ule wa kusimama. Maneno ya mashine kuzimwa. Na mistari yote mitupu ya ukurasa imekatwa kwa rula, mmoja mmoja, isipokuwa mmoja. Huo aliuacha wazi. Pembeni yake ameandika saa tu, saa tatu asubuhi, na mbele ya saa hapana kitu. Chini kabisa ya ukurasa ilikuwepo sahihi yangu, niliyoitia kesho yake bila ya kutazama, siku tatu kabla mtu yeyote hajajua kuwa wamekufa.

Nilikaa nao mbele yangu mpaka chai ikapoa. Kisha nikaandika: madumu sita ya klorini, mfereji wa machujioni, kwa amri yangu. Nikatia tarehe ya siku niliyoandika. Nilipomaliza nikainua kichwa kutazama dirishani, kwa mazoea, na hapakuwa na mtu wa kuniuliza kama ng'ombe wamekula.